Jumamosi ya Kwanza ya Mwaka 2000: Maskati na Saa Iliyotishia Dunia

Tarehe 1 Januari 2000 iliangukia Jumamosi. London, Nairobi na Dar es Salaam zililala na kuamka katika mapumziko. Uingereza ilikwenda mbali zaidi: iliifanya Ijumaa ya 31 Desemba 1999 kuwa sikukuu ya ziada ya mabenki, na Jumatatu ya tarehe 3 ikawa mapumziko ya mwaka mpya. Mafundi wa kompyuta wa huko walipata siku 4 mfululizo za kuzima mitambo, kuiwasha, kuipima na kuisahihisha kabla mteja wa kwanza hajagonga dirisha la benki.

Maskati haikuwa na nafasi hiyo. Wakati ule wikiendi ya Oman ilikuwa Alhamisi na Ijumaa, utaratibu uliodumu hadi Mei 2013 ulipobadilishwa kuwa Ijumaa na Jumamosi. Kwa hiyo siku ambayo dunia nzima iliiogopa, kwa wasiwasi kwamba kompyuta zingeukosea mwaka, ndiyo iliyokuwa siku ya kwanza ya wiki ya kazi kwa wizara, polisi na idara za serikali. Kilichokuwapo kati ya saa sita za usiku na kufunguliwa kwa ofisi ni usiku mmoja tu, tena usiku wa kumi la mwisho la Ramadhani ya mwaka 1420 Hijria, watu wakitoka tarawehe na kungojea daku.

Usiku ule ulipita. Taa hazikuzimika, maji hayakukatika mabombani, na Oman haikuingia katika orodha ya nchi zilizopata hitilafu kubwa. Tangu siku hiyo wapo wanaosema kwamba habari yote ya kompyuta na mwaka 2000 ilikuwa kelele za wauza mitambo. Ukiangalia kwa makini ni kazi gani hasa ilitakiwa kufanywa katika mji kama Maskati, na katika hali gani, utaona kwamba utulivu ule ulitengenezwa na watu. Na kazi yenyewe haijakwisha.

Tarakimu mbili zilizookolewa

Chanzo cha tatizo ni uchumi wa zamani. Kompyuta za miaka ya 1950 na 1960 zililishwa taarifa kwa kadi zilizotobolewa matundu, na kadi ya kawaida ilikuwa na safu 80 tu. Ndani ya safu hizo mwandika programu alitakiwa kuingiza jina la mtu, namba yake, kazi yake, mshahara na tarehe. Kumbukumbu ya mashine nayo ilikuwa ghali mno. Kuandika 64 badala ya 1964 kuliokoa safu mbili katika kila tarehe, na serikali au benki yenye mamilioni ya kumbukumbu iliokoa fedha za kweli. Hakuna aliyeona ubaya. Mashine ya mwaka 1965 haikutarajiwa kufika mwaka 2000.

Mashine kweli hazikufika, lakini programu zilifika. Kila kompyuta mpya ilipoingia, programu za zamani zilihamishiwa humo pamoja na tabia zake, na waliojifunza kazi kwa wakubwa wao wakaendelea kuandika mwaka kwa tarakimu mbili hata kumbukumbu ilipokuwa rahisi. Bob Bemer, mmoja wa waasisi wa fani hiyo Marekani, alionya tangu miaka ya 1970 na hakusikilizwa. Mwaka 1993 Peter de Jager wa Kanada aliandika makala kali katika gazeti la Computerworld, na hapo ndipo wakuu wa makampuni walipoanza kuuliza maswali.

Hesabu iliyoogopwa ni ndogo, hata mtoto wa darasa la tatu anaiweza. Mtumishi aliyeajiriwa 1975 amefanya kazi miaka mingapi ifikapo 1999? Toa 75 katika 99, unapata 24. Mwaka unaofuata toa 75 katika 00, unapata hasi 75. Mashine ikitakiwa kukokotoa pensheni kwa jibu hilo itakataa, au itatoa upuuzi, au, na hili ndilo baya kuliko yote, itatoa jibu linalofanana na ukweli likapita bila mtu kugundua. Kulikuwa na mtego wa pili pia. Miaka inayogawanyika kwa 100, kama 1900, haiwi mirefu, yaani haina siku ya 366, isipokuwa ile inayogawanyika kwa 400. Mwaka 2000 ulikuwa mrefu, na programu nyingi zilijua nusu ya kanuni tu. Kwa hiyo 29 Februari 2000 nayo iliwekwa katika orodha ya siku za kuchungwa.

Dola changa na mitambo yake

Oman iliingia katika tatizo hili kwa njia tofauti na Ulaya. Sultan Qaboos bin Said aliposhika utawala tarehe 23 Julai 1970, nchi nzima ilikuwa na shule 3 na barabara ya lami isiyozidi kilomita 10. Hapakuwa na wizara za kisasa za kuzungumzia, seuze kompyuta. Urasimu wote uliokuja baadaye, kuanzia mishahara ya watumishi, pasi za kusafiria, leseni, hati za ardhi na rekodi za hospitali, ulijengwa ndani ya miaka isiyozidi 30.

Katika ujenzi huo Waswahili walikuwa na sehemu yao. Waomani waliokuwa wakiishi Zanzibar na kwingineko Afrika Mashariki walianza kurejea baada ya mapinduzi ya Januari 1964, na wengi zaidi walikuja baada ya 1970, Sultan mpya alipowafungulia mlango wenye elimu. Walikuwa wamesoma, walijua Kiingereza, na nchi ilikuwa na njaa ya makarani, walimu, wauguzi, wahasibu na mafundi. Wakaingia katika wizara, jeshini, polisi, katika mabenki na katika kampuni ya mafuta. Mtafiti Mfaransa Marc Valeri, aliyeandika juu ya Waomani wanaozungumza Kiswahili, ameonyesha jinsi kundi hili lilivyochangia kuisimamisha dola mpya. Kwa muda mrefu Kiswahili kilikuwa lugha ya kawaida katika baadhi ya ofisi za Maskati, na vitabu vya maelekezo ya mitambo vilisomwa kwa Kiingereza na watu waliosalimiana kwa Kiswahili.

Uchanga huo ulikuwa neema. Serikali iliyoanza kununua kompyuta baadaye haikurithi milima ya programu za miaka ya 1960 kama iliyokuwa ikiwasumbua Wamarekani. Lakini uchanga una upande wake wa pili. Mitambo karibu yote ilitoka nje, na mwenye kujua undani wa programu mara nyingi alikuwa kampuni iliyoko Ulaya, Marekani au India. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos kilifungua milango mwaka 1986, kwa hiyo wahitimu wake wa mwanzo walikuwa na uzoefu wa miaka michache tu tatizo lilipobisha hodi. Wizara ilipotaka kujua kama mashine yake ingevuka salama ilibidi imwandikie aliyeiuza na kungojea jibu, na aliyeiuza wakati ule alikuwa akiandikiwa na dunia nzima.

Kisha kuna kalenda mbili. Hati za Oman hubeba tarehe ya Hijria na ya Miladia. Karne ya Hijria ilikuwa imeshageuka mwaka 1400, uliolingana na Novemba 1979, na itageuka tena mwaka 1500, yaani 2076. Kwa upande huo hapakuwa na hofu. Lakini bajeti ya serikali ya Oman huanza 1 Januari na kuisha 31 Desemba, na mipango ya maendeleo ya miaka mitano hufuata mwaka huohuo wa Miladia. Fedha, mishahara na mikataba ilifuata kalenda iliyokuwa na ugonjwa. Na programu inayogeuza tarehe kutoka kalenda moja kwenda nyingine ikilishwa mwaka wenye tarakimu mbili huharibu zote mbili kwa mpigo.

Mwaka 2000 uliingia 1998

Watu wengi walidhani hatari inangoja saa sita za usiku wa 31 Desemba. Ofisi inayoshughulika na tarehe za mbele ilijua kwamba mwaka 2000 ulikuwa umeshaingia.

Chukua mfano wa ukaazi. Sensa ya kwanza ya Oman, iliyofanyika Desemba 1993, ilihesabu watu zaidi kidogo ya milioni 2, na zaidi ya robo yao walikuwa wageni, wengi wakitoka India, Pakistan na Bangladesh. Kila mmoja wao alikuwa na kibali cha kukaa nchini, na kibali cha kazi kilitolewa kwa miaka 2. Maana yake kibali kilichogongwa muhuri mwaka 1998 kilikwisha mwaka 2000. Mfumo usiojua mwaka 2000 ungemwona mfanyakazi aliyetoka dirishani na kibali kipya kama mtu ambaye kibali chake kimekwisha miaka 98 iliyopita. Msomaji mwenye ndugu au jamaa aliyewahi kufanya kazi katika nchi za Ghuba hahitaji kuelezwa uzito wa tarehe hiyo ndogo: tajiri, benki, mwenye nyumba na afisa wa uwanja wa ndege wote huiangalia.

Duniani ushahidi ulikuwa umeanza kuonekana. Kadi za benki zilizoandikwa kuwa zinakwisha mwaka 00 zilikataliwa madukani mapema, hata makampuni ya kadi yakayataka mabenki yasizitoe kwanza. Mwaka 1997 duka moja la vyakula la Michigan, Marekani, liliwashitaki waliouza mashine zake za malipo kwa sababu zilikwama kila kadi ya namna hiyo ilipopitishwa. Huko Minnesota, mwaka 1992, bibi wa miaka 104 aliyezaliwa mwaka 88 wa karne ya 19 aliletewa barua ya kuandikishwa chekechea. Kompyuta ilimwona ana miaka 4. Kisa hicho kilichekesha, lakini kilionyesha mlango ambao makosa yangepitia: umri wa watu.

Oman ilikuwa na sababu zake za kuuchunga mlango huo. Wazee wengi waliozaliwa kabla ya 1970 hawakuwa na vyeti vya kuzaliwa, na mwaka uliomo katika rekodi zao ulikuwa wa kukadiria. Mfumo wa bima ya jamii ulioanzishwa mwaka 1991 kwa wafanyakazi wa sekta binafsi ulitegemea hesabu ya miaka ya mtu na miaka ya michango yake. Rekodi ambayo tayari inategemea makadirio haiwezi kuvumilia mashine nayo ianze kukisia karne.

Bei ya pipa na maji ya Al Ghubrah

Kazi hii yote ilidai fedha, na ilizidai katika mwaka mbaya. Bei ya mafuta ilianguka katika mwaka 1998 mpaka kufikia karibu dola 10 kwa pipa mwezi Desemba. Oman ilikuwa ikizalisha mapipa yapatayo 900,000 kwa siku, na mafuta ndiyo yaliyojaza sehemu kubwa ya hazina yake. Kila wizara ilitakiwa kufunga mkanda wakati uleule ilipotakiwa kulipia ukaguzi wa jambo ambalo matokeo yake mazuri kabisa ni kwamba hakuna kitakachotokea. Waziri anayeomba fedha za barabara anaweza kuionyesha barabara. Anayeomba fedha za kusahihisha tarehe hana cha kuonyesha.

Hata hivyo kulikuwa na mahali ambapo hakuna aliyeweza kubana matumizi. Maskati haina mto unaotiririka mwaka mzima. Tangu 1976 mji ulikuwa ukinywa maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi katika mtambo wa Al Ghubrah, uliozalisha pia umeme. Gesi iliendesha mitambo, mitambo ilisafisha maji, umeme uliyasukuma mpaka majumbani. Kama kiungo kimoja kingekatika, mji ulikuwa na siku chache tu za akiba. Mina al Fahal, ambako mafuta ya Oman yamekuwa yakipakiwa melini tangu Julai 1967, kuna mabomba, matangi na vali zinazoongozwa na vifaa vya kielektroniki saa zote.

Vifaa hivyo vilikuwa na tatizo la aina yake. Kompyuta ya mezani unaiona na unaweza kuiwasha ukaibadilisha tarehe. Lakini ndani ya pampu, lifti, mashine ya hospitali au kidhibiti cha gesi kuna kompyuta ndogo iliyochomekwa kiwandani, haina kioo wala kibodi, na pengine hata fundi wa zamu hajui kama ina saa ndani yake. Nyingi hazikutumia tarehe kwa kazi yoyote ya maana. Chache zilitumia, kwa mfano kukumbuka siku ya matengenezo ya mwisho na kujizima ikiwa siku hiyo imepita sana. Hakuna njia ya kuzitofautisha isipokuwa kuzipitia moja moja, kusoma namba ya kiwanda iliyoandikwa ubavuni, na kumuuliza aliyeitengeneza.

Daftari kwanza

Kazi ya kuitayarisha serikali kwa mwaka 2000 ilifuata ngazi zilezile kila nchi, na ya kwanza ilikuwa kuhesabu. Una mashine ngapi? Ziko wapi? Nani alizinunua? Zinaendesha programu gani, na ya toleo gani? Zinabadilishana taarifa na nani? Ofisi nyingi duniani ziligundua hapo kwamba hazikuwa na majibu. Kulikuwa na programu zilizoandikwa na watumishi waliokwishastaafu, bila karatasi hata moja ya maelezo. Kulikuwa na mashine zilizosahaulika chumbani lakini zikiendelea kila usiku kutuma faili ambalo idara nyingine ililitegemea.

Waomani wana mfano wa kale wa jambo hili katika falaj, mifereji iliyoleta maji mashambani kwa karne nyingi kabla ya Al Ghubrah. Falaj haisimami kwa mawe peke yake. Inasimama kwa daftari la wakili wake, linaloonyesha nani ana zamu gani ya maji, kwa muda gani, mchana kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota. Daftari likipotea maji yanaweza kuendelea kutiririka, lakini kijiji kitagombana. Mifumo ya serikali iko hivyohivyo: bila kujua nani anategemea nini, kurekebisha sehemu moja ni kuvunja nyingine.

Baada ya kuhesabu, kazi ilikuwa kupanga nini kianze, maana hakuna aliyekuwa na muda wa kurekebisha kila kitu. Maji, umeme, simu, hospitali, mabenki, uwanja wa ndege na mishahara vilitangulia kila mahali. Ripoti ambayo mkuu wa idara huisoma mara moja kwa mwaka ingeweza kungoja.

Kisha kurekebisha kwenyewe, kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kuongeza nafasi ili mwaka uandikwe kwa tarakimu 4. Ndiyo tiba kamili, lakini inamaanisha kubadilisha kila faili, kila fomu na kila programu inayoligusa faili hilo. Ya pili ni kuiacha tarehe kama ilivyo na kuifundisha programu mpaka: mwaka ulio chini ya 30, tuseme, uhesabiwe kuwa wa miaka ya 2000, na ulio juu yake uwe wa miaka ya 1900. Njia hii ni ya haraka na rahisi, na ndiyo iliyopendwa na wengi waliobanwa na muda. Ubaya wake ni kwamba haiondoi deni, inaliahirisha.

Mwisho ni kujaribu, na hapo ndipo ulipokwenda muda mwingi kuliko kote. Huwezi kuisogeza mbele tarehe ya mashine inayolipa mishahara leo ili uone itafanyaje. Unahitaji mashine ya pili inayofanana nayo na nakala ya taarifa zote, kisha uipitishe katika 31 Desemba, 1 Januari, 29 Februari na siku nyingine za mashaka. Pembeni unaandika mpango wa dharura: fomu za karatasi ziwe tayari, majina na namba za simu za wahusika, jenereta zijazwe mafuta, na orodha ya mishahara ya mwezi uliopita ichapishwe ili mashine ikigoma mtu alipwe kwa mkono.

Dunia kwenye meza moja

Tatizo halikuheshimu mipaka. Nchi ingeweza kuvisafisha vyombo vyake vyote na bado ikakwama kwa sababu benki ya nchi jirani imetuma faili bovu. Juni 1998 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuzihimiza nchi wanachama, na Desemba ya mwaka huo waratibu kutoka zaidi ya nchi 120 walikutana New York. Walipokutana tena Juni 1999 nchi zilizidi 170. Katikati yake, Februari 1999, kituo cha kimataifa cha ushirikiano kiliundwa kwa fedha za Benki ya Dunia chini ya uongozi wa Bruce McConnell, ili nchi zisaidiane kikanda. Wasimamizi wa mabenki, masoko ya hisa na bima nao walikuwa wameunda baraza lao la pamoja tangu Aprili 1998.

India ilipata faida ya kudumu. Makampuni yake ya programu yaliajiri maelfu ya vijana kusahihisha programu za Marekani na Ulaya, na kazi hiyo iliyodharauliwa ndiyo iliyoitambulisha nchi hiyo kama karakana ya kompyuta ya dunia. Oman, iliyofanya biashara na India tangu enzi za majahazi, haikuwa na safari ndefu kumtafuta fundi.

Usiku wa futari na runinga

Siku ilipofika, mashariki ilitangulia. New Zealand iliingia mwaka 2000 Maskati ikiwa saa tisa alasiri ya Ijumaa. Sydney ilifuata saa kumi na moja jioni, kama nusu saa kabla ya adhana ya magharibi, sufuria zikiwa bado jikoni. Tokyo ilivuka saa moja usiku, watu wameshafuturu. Kwa anayesimamia mitambo ya serikali, kila habari njema kutoka mashariki ilikuwa kipimo: mitambo ileile, ya makampuni yaleyale, imevuka kule salama. Maskati ilipofika saa sita usiku, London ilikuwa bado saa mbili usiku, na Afrika Mashariki ilikuwa na saa moja zaidi ya kungoja.

Makosa yalitokea. Japan, vifaa vya kufuatilia hali katika vinu vya nyuklia vilipata hitilafu ndogo zisizodhuru. Marekani ilikiri kwamba mtambo wa ardhini unaochambua picha za satelaiti za kijasusi ulikwama kwa siku kadhaa. Tovuti ya kituo cha Jeshi la Majini la Marekani kinachotunza saa rasmi ya nchi ilionyesha mwaka 19100. Baya zaidi lilijitokeza polepole huko Sheffield, Uingereza: programu ya maabara ilikosea umri wa wajawazito, na wanawake zaidi ya 150 wakapewa majibu yasiyo sahihi kuhusu hatari ya ugonjwa wa Down kwa watoto wao. Kosa hilo halikugunduliwa mpaka miezi kadhaa baadaye, kwa sababu mashine haikukwama. Ilitoa majibu yanayofanana na ukweli.

Je, tulidanganywa?

Wanaoshuku wana hoja ya kusikilizwa. Italia na Urusi zililaumiwa sana kwa kuchelewa, na hazikuzama. Makadirio ya gharama ya dunia nzima yalifika kati ya dola bilioni 300 na 600, na hakuna ubishi kwamba baadhi ya fedha hizo ziliingia mifukoni mwa washauri waliouza hofu kwa bei ya jumla.

Lakini hoja hiyo ina tundu. Nchi iliyochelewa ilinunua mitambo kwa makampuni yaleyale yaliyokuwa yameshaisahihisha kwa ajili ya wateja wao wakubwa. Aliyekuja mwisho alikuta dawa imeshatengenezwa na kulipiwa na wengine. Isitoshe, mabenki yaliyokagua programu zao yalikuta makosa ya kweli, mengi, na kuyaondoa kabla hayajamfikia mteja. Sheffield inaonyesha kilichoweza kutokea pale lilipobaki moja tu. Ubadhirifu ulikuwapo, na hatari ilikuwapo.

Tarehe zinazokuja

Kilichobaki sasa ni yale madeni yaliyoahirishwa. Tarehe 1 Januari 2020 mashine za kulipia maegesho za New York ziliacha kupokea kadi kwa sababu programu yake ilikuwa imewekewa kikomo cha siku hiyo. Tarehe 29 Februari 2024 pampu za kujihudumia mafuta New Zealand zilikwama kwa sababu programu ya malipo haikuutambua mwaka mrefu. Matoleo mengi ya Excel yaliyomo ofisini yamekuwa yakisoma mwaka ulioandikwa 29 kuwa 2029, na ulioandikwa 30 kuwa 1930. Mhasibu anayeandaa ratiba ya mkopo au mkataba wa miaka 10 kwa kuandika tarakimu mbili ameshaingia katika eneo la hatari.

Kubwa zaidi linakuja tarehe 19 Januari 2038. Mashine nyingi zenye asili ya mfumo wa Unix hupima wakati kwa kuhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970, mwaka uleule ambao Oman mpya ilianza. Zile zinazoihifadhi hesabu hiyo katika nafasi ya biti 32 zina kikomo cha sekunde 2,147,483,647. Kikomo hicho kitafikiwa Maskati ikiwa saa moja na dakika 14 asubuhi, siku ya Jumanne, siku ya kazi. Kompyuta kubwa nyingi zimesharekebishwa. Wasiwasi uko tena kwenye vidude vilivyomo ndani ya pampu, mita, kamera na vidhibiti, vinavyofungwa leo ukutani kwa matumaini ya kudumu miaka 20.

Na serikali ya sasa inaitegemea kompyuta kuliko ile ya 1999. Kitambulisho cha kielektroniki cha Oman kilianza kutolewa na polisi mwaka 2004, mamlaka ya teknolojia ya habari ikaundwa 2006, na Dira ya Oman ya 2040 inaweka huduma za serikali mtandaoni. Mwaka 2038 umo ndani ya dira hiyo. Zanzibar, Tanzania Bara na Kenya nazo zimehamishia kodi, vitambulisho, ardhi na malipo kwenye mtandao. Zamani mashine ikigoma karani alifungua daftari. Leo madaftari hayo tumeyaacha.

Kwa hiyo ombi la makala hii ni moja, na linawahusu wanaosaini mikataba ya ununuzi Maskati, Dodoma, Unguja na Nairobi. Kabla ya kulipia mtambo wowote utakaofanya kazi baada ya 2038, mtake muuzaji athibitishe kwa maandishi kwamba utavuka tarehe hiyo, na uujaribu mbele yake. Ulionao tayari uandike katika orodha: uko wapi, unafanya nini, nani anautegemea. Mafundi wa 1999 walianza wakiwa wamechelewa na wakalipa bei ya aliyechelewa. Sisi tumeijua tarehe mapema, na hatutakuwa na udhuru.